Mlima wa Kukunja

Kwa miezi mingi nilikuwa naupita tu mchoro ule. Umetundikwa ofisini kwa bwana mmoja tunayenunua kwake mabegi ya shule hapa Yiwu, China, nyuma ya kiti chake, juu ya meza ya chai: milima ya kijivu, mto mpana, misonobari michache, vibanda viwili vitatu vya nyasi. Ni nakala ya kuchapwa, imetiwa fremu, imechukua ukuta mzima. Mimi ni wakala wa mizigo. Asubuhi naingia soko la Futian, nahesabu maboksi, napima mita za ujazo, nagombania nafasi kwenye kontena, na wateja wangu karibu wote wako Kariakoo. Wao wakifunga hesabu za siku saa tatu usiku, huku ni saa nane usiku, na hapo ndipo simu zinapoanza. "Dada, mzigo wangu umefika wapi?" Siku ninayoizungumzia nilikuwa na usiku wa nne sijapata usingizi wa kueleweka. Nimekaa namsubiri yule bwana amalize kubonyeza kikokotoo chake, macho yakatua kwenye ule mlima, yakakataa kuondoka. Nikamuuliza uko wapi.

"Fuchun," akasema bila kuinua kichwa. "Hapo tu, njia ya Hangzhou. Huang Gongwang alikaa huko."

Alilitaja jina hilo kama mtu anavyomtaja babu wa jirani. Bei ya mabegi tulikubaliana, mzigo ukaenda, lakini jina lile nikabaki nalo. Ni mwaka wa tatu sasa, na bado naendelea kumfuata huyo mzee aliyeuchora mlima ule.

Alizaliwa mwaka 1269, miaka kumi kabla utawala wa nasaba ya Song haujamalizwa kabisa na Wamongolia. Alikulia basi katika nchi iliyotekwa. Wasomi wa kusini, ambao zamani wangefanya mitihani na kupanda vyeo, sasa waligombania kazi za ukarani. Huang akawa karani. Kiasi cha mwaka 1315 mkubwa wake wa kazi aliingia kwenye kesi ya kodi za mashamba, na karani naye akatupwa gerezani. Alipotoka hakuwa na cheo wala pa kukipatia. Akajiunga na watawa wa dini ya Dao, akawa anazunguka miji ya chini ya mto Yangtze akiwapigia watu ramli ili ale. Kuchora kwa dhati alianza akiwa amekaribia miaka 50 au ameshaipita.

Nataka hilo la gereza na ramli likae mbele ya msomaji kabla hatujafika mlimani, kwa sababu michoro hii inauzwa leo kama picha za utulivu. Unaikuta kwenye vyumba vya kusinga mwili, kwenye makopo ya chai, kwenye kuta za hoteli. Mtu anaiona anadhani waliochora walikuwa watu wa raha, wenye nyumba mlimani na mchana mrefu wa kukaa. Nami nilidhani hivyo.

Wachina huita michoro hii shanshui, yaani mlima na maji, maneno mawili tu, na ndani ya maneno hayo mawili wameweka kila kitu ambacho mji na ofisi vinamnyima mtu. Mzizi wa wazo lenyewe ni mkongwe kuliko Huang kwa karibu miaka elfu moja. Mwaka 405, mshairi Tao Yuanming alikuwa mkuu wa wilaya ndogo ya Pengze. Alikaa kazini siku zaidi kidogo ya 80. Ikaja habari kwamba mkaguzi kutoka juu anafika, na kwamba inambidi avae mkanda rasmi akampokee kwa heshima zote. Akasema hatainama kwa ajili ya vipimo vitano vya mchele, ndio mshahara wake, akarudisha muhuri wa kazi, akaenda kwao kulima karibu na mlima Lu. Sisi tunalo neno la kitendo hicho, kung'atuka, na kila nikisoma habari za Tao ndilo linalonijia.

Mimi nimezaliwa Lushoto. Nimepanda kabichi na karoti kwenye matuta yanayoning'inia juu ya bonde, ukungu umefunika kila kitu mpaka saa nne asubuhi. Kwa hiyo mshairi akiniambia amerudi shambani, swali langu la kwanza ni amevuna nini. Tao anajibu bila kuficha. Ana shairi la kupanda maharage chini ya mlima wa kusini: magugu yamestawi, maharage ni ya kuhesabu, na yeye anarudi usiku jembe begani, umande umelowesha nguo. Mwaka 408 nyumba yake iliungua. Ana shairi jingine la siku ambayo njaa ilimtoa ndani, akatembea hajui anakwenda wapi, akafika mlangoni kwa mtu, na maneno ya kuomba chakula yakamkwama. Huyu ninamwamini. Nilipomsimulia mama kwa simu alinyamaza, kisha akasema, "Maharage yanataka palizi ya mapema, mwanangu. Huyo hakuwa na mtu wa kumwambia."

Wachoraji waliokuja baadaye walilipenda jembe la Tao zaidi ya walivyolishika. Hilo nalisema bila kuwadharau. Ukitazama vizuri, mvuvi wa shanshui mara nyingi ni msomi aliyejificha kwenye mtumbwi, na mkata kuni anapita na mzigo wake bila kutoa jasho. Mama, nilipomtumia picha ya gombo la Fuchun, yaani mchoro ule wa Huang wa kukunja, aliniuliza kuni za wale waliokaa vibandani zinakatwa na nani. Ni swali la haki na mchoro haulijibu.

Lakini lipo jibu la swali jingine, na kwangu ndilo lililobadilisha kila kitu. Nalo ni hili: michoro hii ilikuwa ya nani?

Mwaka 1072 mchoraji wa kasri la kaizari, Guo Xi, alichora mlima wa mwanzo wa majira ya kuchipua, barafu inayeyuka, miti imekunja vidole kama makucha ya kaa. Mafundisho yake yaliandikwa na mwanawe Guo Si, na mwanzoni kabisa anaeleza kwa nini watu wanapenda milima iliyochorwa. Mtu muungwana, anasema, anatamani misitu na vijito wakati wote, moyo wake uko huko. Lakini ana kaizari wa kumtumikia na wazazi wa kuwatunza, nyakati ni za amani, hawezi kuvitupa vyote akaenda zake. Ndipo anakuja mchoraji mwenye mkono mzuri, anamletea mlima ndani ya nyumba, na yeye bila kuondoka kwenye mkeka wake anasikia nyani wakilia na maji yakianguka. Kisha anapanga milima kwa daraja: ipo ya kupita, ipo ya kutazama, ipo ya kutembelea, ipo ya kukaa, na hizo mbili za mwisho, anasema, ndizo bora zaidi kuchorwa.

Nilisoma ukurasa ule mara tatu. Mlima wa kukaa, kwa ajili ya mtu asiyeweza kwenda kukaa. Waliokuwa wakifungua magombo haya walikuwa makarani, mahakimu, watu wenye mama mgonjwa, watu wenye barua hamsini za kujibu. Yule bwana wa mabegi na kikokotoo chake ndiye mtu hasa ambaye Guo Xi alimwona. Kabla yake, mchoraji Zong Bing, aliyefariki mwaka 443, alipozeeka na miguu kukataa, alichora kwenye kuta za chumba chake milima yote aliyowahi kuipanda, akalala kitandani akatembea tena kwa macho. Inasimuliwa kwamba alipiga kinanda chake cha nyuzi akitaka milima ile imwitikie.

Nilikwenda Fuyang siku ya Jumapili ya mvua. Ni wilaya ya Hangzhou sasa, treni ya kasi, maghorofa, maduka ya simu. Nje kidogo kipo kijiji kinachoitwa kwa jina la Huang Gongwang, na kwenye bonde lake wanakuonyesha mahali panaposemekana alijenga kibanda. Mianzi imeziba mwanga. Nilikaa kidogo, nikateremka mtoni. Mto Fuchun ni mpana, unakwenda polepole, na vilima vya ng'ambo vinapishana kama watu wamekaa kwenye foleni wakiegemeana. Hakuna kilele cha kutisha hata kimoja. Ukitoka Lushoto, ambako milima inakusimamia kichwani, unashangaa kwamba vilima vya upole namna hii ndivyo vilivyoshika mioyo ya watu karne zote hizi.

Sababu mojawapo iko juu zaidi ya mto huo, Tonglu, kwenye jabali wanaloliita jukwaa la kuvulia samaki la Yan Ziling. Huyu aliishi karne ya kwanza, akasoma pamoja na kijana ambaye baadaye alikuwa Kaizari Guangwu. Rafiki yake alipokalia kiti, Yan alibadili jina akajificha. Akatafutwa, akaletwa kasrini, wakalala kitanda kimoja kama zamani, na usiku akamwekea kaizari mguu tumboni. Asubuhi mnajimu akaja mbio kuripoti kwamba nyota ngeni imesogelea kiti cha mfalme. Kaizari akacheka, akampa rafiki yake cheo, Yan akakataa, akarudi Fuchun kuvua na kulima. Miaka elfu moja baadaye Fan Zhongyan, ofisa aliyeshushwa cheo akapelekwa eneo hilo, akamjengea Yan hekalu la kumbukumbu na kuandika kwamba hulka ya bwana yule ni ndefu kama mlima na inafika mbali kama mto. Aliyeandika hivyo alibaki serikalini mwenyewe karibu maisha yake yote.

Huang alirudi mto huu mwaka 1347, akihesabu miaka 79 kwa hesabu ya Kichina. Alikuwa na mwenzake mdogo, mtawa wa Dao aitwaye Wuyong, na mchoro aliuanza kwa ajili yake. Tunayajua hayo kwa sababu aliyaandika mwenyewe mwishoni mwa gombo. Anaeleza kwamba siku ya nafasi alikaa kwenye chumba cha kusini, akashika brashi, hamu ikampanda, akaupanga mchoro wote kwa mara moja, kisha akawa anaongeza kidogo kidogo. Miaka mitatu, minne, haujakwisha. Sababu? Aliuacha mlimani, yeye akawa yuko njiani, anazunguka kama wingu. Sasa ameuchukua, ameutia kwenye mizigo yake, ili asubuhi na jioni akipata nafasi auendeleze. Na Wuyong ana wasiwasi mwingi kwamba mtu atauiba kwa hila au kwa nguvu, kwa hiyo amemwomba aandike maneno haya mwishoni mwa gombo kabla mchoro haujamalizika.

Maneno hayo yana tarehe ya mwaka 1350, na hayakuandikwa mlimani. Yaliandikwa mjini Songjiang, nyumbani kwa ukoo wa Xia, kwenye ukumbi unaoitwa Kujua Pa Kukomea. Mchoro mashuhuri kuliko yote ya kukaa mlimani ulisafiri kwenye furushi la mzee asiyekaa mahali pamoja. Mimi niliyezoea kuona vitu vikifungwa kwenye mizigo niliposoma neno lile, mizigo, niliweka kitabu chini.

Kuna mzee mmoja mstaafu hapa Yiwu anayefundisha wino kwenye ukumbi wa mtaa, Jumatano jioni. Namwita Laoshi, mwalimu, kama wote. Mwezi wa kwanza hakunifundisha kuchora. Alinipa jiwe jeusi lenye kijishimo, kijiko cha maji, na mche wa wino mdogo kama kidole. Mche ule ni masizi ya msonobari yaliyokandwa na gundi ya mnyama, yakatiwa kwenye kalibu, yakakaushwa. Unausimamisha wima, unauzungusha juu ya jiwe bila kukandamiza. Mwanzoni ni maji machafu. Baada ya robo saa yanaanza kuwa mazito, na mche unaacha nyuma yake njia inayojifunga taratibu. Harufu yake ni ya moshi wa jikoni kwetu, na kidogo ya kafuri. "Usiukimbize," Laoshi aliniambia. "Wino unasagika, na mkono unapoa." Nilikuwa nimeweka simu kifudifudi mezani, inatetemeka, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu sikuigusa.

Karatasi hutoka wilaya ya Jing, mkoa wa Anhui, imetengenezwa kwa gome la mti na mabua ya mpunga, na inanywa wino papo hapo. Ukigusa umegusa. Hakuna kufuta. Ndiyo maana kila mwili wa mlima una namna zake za mistari, zilizopewa majina na kufundishwa kwa mamia ya miaka. Upo mstari wa shoka, mkavu na wa pembe, wa majabali ya kuchongoka. Na upo wa vilima vya udongo kama vya Fuchun, mirefu, laini, inayolala sambamba na kupishana kidogo. Laoshi aliniambia jina lake, nikamwomba arudie. Nyuzi za katani. Mistari ya katani iliyofumuliwa.

Katani yao ni ya mmea mwingine, si mkonge wetu. Lakini mtoto yeyote wa Tanga anajua nyuzi zinavyoonekana zikianikwa. Ukishuka kutoka Lushoto, ukapita Mombo, ukaelekea Korogwe, unaziona kwenye nyaya, ndefu, nyeupe, zimelala moja juu ya nyingine na kufunguka nchani upepo ukipita. Nilishika brashi nikazifikiria zile. Laoshi alisimama nyuma yangu, akasema mstari wa nne ni mzuri. Wa nne tu, kati ya kama sitini. Ninao bado.

Ukiujua mstari huo, gombo la Fuchun linafunguka. Huang alitumia wino mkavu, brashi karibu haina maji, na vilima vyake vinapumua kwa sababu karatasi inaonekana katikati ya nyuzi. Mto hakuuchora. Ameacha karatasi tupu, akaweka ukingo wa mchanga huku na mtumbwi kule, na jicho lako lenyewe linajaza maji. Watu wapo, wadogo kama punje za mchele: mmoja kwenye kibanda juu ya maji, wengine mtumbwini, mwingine na fimbo anakwenda darajani. Na gombo halitazamwi ukutani. Unalilaza mezani, unalifungua kutoka kulia kwenda kushoto, urefu wa mikono yako miwili tu kwa mara moja, huku upande ulioutazama ukiukunja tena. Unatembea kando ya mto, na nyuma yako njia inafungwa.

Huwezi kulitembea lote siku hizi. Mwaka 1650, mwenye gombo, Wu Hongyu wa Yixing, alikuwa anakufa, na mapenzi yake kwa mchoro yalimfanya aagize uchomwe ili aende nao. Ukatiwa motoni. Mpwa wake akakimbia, akatupa gombo jingine mahali pake, akaunyakua. Moto ulikuwa umeshakula mwanzo, na kwa kuwa gombo lilikuwa limekunjwa, majeraha yanajirudia kwenye karatasi kwa vituo, tundu baada ya tundu, kila moja dogo kuliko lililotangulia. Vipande vikawa viwili. Kidogo, cha sentimita 51.4, kiko makumbusho ya mkoa wa Zhejiang, Hangzhou. Kirefu, cha sentimita 636.9, kilivuka bahari pamoja na hazina za kasri kipindi cha vita, kikabaki Taipei. Vilikutanishwa mwaka 2011, Taipei, kwa maonyesho, kisha kila kimoja kikarudi kwake.

Kaizari Qianlong nusura aumalize kwa namna nyingine. Mwaka 1745 alipata nakala akaamini ndiyo asili, akaipenda mno, akasafiri nayo, akaiandikia mashairi na kuigonga mihuri mpaka mto na mbingu vikajaa maneno yake. Mwaka uliofuata asili yenyewe ikaletwa. Akashikilia kwamba hiyo ndiyo nakala, akaamuru iandikwe hivyo na kuhifadhiwa. Kosa lake ndilo lililookoa nafasi nyeupe za Huang. Kila nikiiona ile nakala iliyojaa maandishi nashukuru, kwa moyo kabisa, kwamba mtu mwenye nguvu zote zile alikosea.

Wenzake Huang hawakupata bahati hata hiyo. Ni Zan, tajiri wa Wuxi, aligawa mali yake akaishi kwenye boti ziwani Tai, na katika michoro yake kibanda kipo lakini mtu hayupo. Miti mitano, kibanda kitupu, maji, vilima vya mbali, basi. Wang Meng aliishi miaka mingi mlimani, akachora milima inayojisokota kama inaumwa tumbo, kisha akakubali kazi ya serikali chini ya nasaba mpya ya Ming. Alifia gerezani mwaka 1385, akihusishwa na njama za waziri ambaye yeye Wang aliwahi kwenda nyumbani kwake kutazama michoro.

Mwaka jana, kwenye duka la vifaa vya wino Hangzhou, nilinunua nakala ya gombo, ya karatasi, urefu kamili, imefungwa kwa utepe. Nalala nalo kando ya mto wa kitanda. Usiku nikijua kuna kontena linasubiri jibu Dar na haina maana kulala, nalifungua kidogo juu ya shuka, kuanzia pale nilipoachia jana. Sasa niko baada ya misonobari, ukingo unapoanza kuwa mchanga mtupu na maji yanapanuka, kabla ya kile kilele kimoja cha mwisho. Karatasi inapenda kujikunja yenyewe, kwa hiyo naweka kikombe cha chai upande huu na jiwe la wino upande ule. Simu ikiita napokea. "Ndiyo kaka, umeshapakiwa. Ngoja nikutumie namba ya kontena." Kikombe nakiacha palepale.